Ndege wa asali kanipeleka kwa kifutu. Ni kisasi, au nimejitisha mwenyewe?

#1 MrinaWaSikonge
Wakuu, kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa.

Nimekulia Sikonge, kurina nimefundishwa na babu. Mizinga ninayo, ya magome na michache ya kisasa, lakini nikiwa porini nikaitwa na yule ndege anayeonyesha asali huwa sikatai. Wanaomjua wanamjua: anakuja karibu, anapiga kelele kama mtu anatikisa kiberiti kilichobaki njiti chache, ukimfuata anarukia mti wa mbele na kukungoja. Babu alikuwa na sharti moja tu. Ukishatoa asali usiondoke bila kumwekea sega juu ya jani, mahali peupe. "Huyo ndiye mwenye shamba, sisi vibarua."

Siku hiyo nilikuwa na haraka, wingu limeshatanda na ndoo mbili zimejaa. Nikakomba mpaka masega makavu, maana nta nayo ina bei. Sikumwachia kitu.

Siku ya tatu, pori lile lile, kaja ndege. Mti kwa mti, kama dakika ishirini hivi. Tukafika kwenye mtundu mmoja mkubwa uliooza tumboni, akanyamaza. Akinyamaza huwa tumefika. Nikainama kutafuta tundu kwenye shina. Mbele ya kiatu changu, hatua moja, kifutu amejikunja juu ya majani makavu, yeye na majani rangi moja. Alitoa mlio tu, ffff, kama tairi la baiskeli linaloishiwa upepo. Nyuki hapakuwa na hata mmoja.

Babu alikuwa akisema ndege huyu ukimdhulumu anakupeleka kwa nyoka, au kwa simba. Nilichukulia ni hadithi ya kututisha watoto. Sasa nauliza: ndege anaweza kuweka kinyongo?

#2 KiparaNzega
Natandika mkeka hapa. Mtundu kapelekwa kwenye mtundu.

#3 ToboaUkweli
Mkuu hiyo chai, umeweka sukari ngapi?

Nauliza kwa nia njema lakini. Tangu uanze kumfuata ndege, ni mara ngapi umeacha sega na bado ukakutana na nyoka? Na mara ngapi hukuacha, usikutane na kitu? Hizo huzikumbuki. Unaikumbuka hii moja kwa sababu ulikaribia kufa. Kifutu ni mvivu kuliko nyoka wote, analala popote penye majani. Ungekuwa unatafuta kuni ungemkuta vilevile.

#4 DadaKaliua
Toboa, wewe ni wa mjini, nyamaza kwanza.

Mjomba wangu huku Kaliua alipelekwa na huyo ndege mpaka kwenye kichaka, ndani kuna mzoga wa pofu na harufu ya simba imejaa. Alirudi bila shoka. Na alikiri mwenyewe kuwa msimu ule alikuwa akizika masega ili ndege asile akashiba. Yule ndege anataka asali yake, ukimnyima anakukomesha.

#5 MwalimuWaViumbe
Tuweke sawa jambo moja, maana #4 kasema ndege anataka asali. Asali si shida yake. Anachotaka ni nta, pamoja na majana. Tumbo lake linasaga nta, kitu ambacho viumbe wachache sana wanakiweza. Kinachomshinda ni nyuki wenyewe na ugumu wa mti: hana moshi wala shoka. Ndiyo maana anamtafuta mwenye navyo.

Na habari yake ni ya siku nyingi. Mwaka 1588 padri mmoja Mreno, João dos Santos, akiwa Sofala huko Msumbiji, aliona ndege wadogo wanaingia kanisani kudonoa mishumaa. Mishumaa ya wakati ule ilikuwa ya nta ya nyuki. Akaandika pia jinsi ndege hao wanavyowaongoza watu hadi kwenye mizinga ya porini.

Kupima kwa saa na kalamu kulikuja baadaye. Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Reyer walichapisha mwaka 1989 utafiti wao kwa Waborana. Mtu akitafuta bila ndege, wastani ni saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Akiongozwa na ndege, saa 3.2. Na katika mizinga 96 kati ya kila 100, ndege asingeifikia nta kama binadamu hajaipasua. Kwa hiyo tunafanya naye biashara kabisa, si bahati nasibu.

Kuhusu kisasi, sisemi ndiyo wala hapana. Mleta uzi, huyo ndege alifananaje?

#6 MrinaWaSikonge
Toboa, sukari sina, ninayo asali. Karibu.

Mwalimu, nilimwona vizuri aliposimama juani. Mgongo wa kijivu kama udongo, manyoya ya pembeni ya mkia meupe akiruka. Koo na kifua vilikuwa na njano, kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi wa bizari.

#7 MwalimuWaViumbe
Basi hapo kuna jambo. Dume mzima ana koo jeusi, shavu lina baka jeupe na mdomo una rangi ya waridi. Jike amefifia tu. Mwenye njano kooni na kifuani ni mchanga, hajatimiza umri. Wachanga nao wanaongoza watu.

Kwa hiyo huenda ulifuata mwanafunzi. Hakuwa na kisasi, alikosea njia.

#8 DadaKaliua
Au aliagizwa na mama yake 😂

#9 MwalimuWaViumbe
Dada, hapo umegusa pabaya bila kujua. Huyo hamjui mama yake.

Ndege huyu halei. Jike anataga kwenye kiota cha ndege wengine, hasa wanaotaga mashimoni kama keremkuzi. Kinda akitoka kwenye yai hajafumbua macho, ana ndoano kali kwenye ncha ya mdomo, na anazitumia kuwang'ata watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe. Mtafiti Claire Spottiswoode na mwenzake walirekodi hilo kwa kamera ndani ya viota huko Zambia, wakachapisha 2012. Analelewa na watu baki, anaondoka, halafu siku moja anaanza kuita binadamu kwenye nyuki. Nani kamfundisha?

#10 KiparaNzega
Kaua ndugu zake wa kambo akiwa kipofu, halafu mnauliza kama anaweza kisasi? Huyo ni jambazi tangu yai.

#11 ToboaUkweli
Asante #7. Mleta uzi, basi kesi imekwisha. Uliyemdhulumu ni mmoja, aliyekupeleka kwa kifutu ni mwingine. Kinyongo hakirithishwi kwa ndege wasiojuana hata na mama zao.

#12 MrinaWaSikonge
Ila Toboa, yule wa kwanza sikumtazama kifua. Nilikuwa natazama mti. Anaweza kuwa ndiye huyohuyo.

#13 MyaoWaTunduru
Nawasalimu watu wa Unyanyembe. Nasoma nikicheka kwa sababu kwetu hakuna kungoja ndege aje. Unamwita. Babu zangu ng'ambo ya Ruvuma na huku Tunduru wanatoa mlio wa ulimi na koo, *brrrr-hm*. Ukiupiga porini anakuja.

Wale wa Spottiswoode waliupima mlio huo Msumbiji, hifadhi ya Niassa, na matokeo yakatoka 2016. Walitembea na rekodi ya *brrr-hm*, kisha na sauti nyingine za binadamu, na milio ya njiwa. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa kuongozwa ulikuwa kama asilimia 33. Kwa *brrr-hm* ukafika 66. Ndege wa porini, hajafugwa, anaelewa kuwa huyu yuko kazini.

Nyie wa Tabora mnamwitaje?

#14 MrinaWaSikonge
Babu alikuwa anapiga mbinja na kugonga shina kwa mpini wa shoka. Ko ko ko, halafu mbinja ndefu. Mimi huwa nagonga tu, mbinja meno yamenikatalia.

#15 MwalimuWaViumbe
Myao kaleta kitu kizuri, niongezee. Spottiswoode na Brian Wood walichapisha tena 2023, safari hii wakilinganisha Wayao wa Niassa na Wahadzabe wa huku kwetu, upande wa ziwa Eyasi. Wahadzabe wanatumia mbinja. Wakapiga mbinja ya Wahadzabe kule Niassa, na *brrr-hm* huku Eyasi. Ndege wa Eyasi walishirikiana na mbinja zaidi ya mara tatu kuliko walivyoshirikiana na mlio wa Wayao. Wa Niassa nao wakapendelea mlio wa kwao, karibu mara mbili. Kila ndege na lugha ya wenyeji wake.

Kwa hiyo angalau hilo la kuitika wito, wanajifunza. Hawazaliwi nalo.

#16 ToboaUkweli
Na Wahadzabe haohao, mkuu, si ndio wanaochoma na kuzika nta makusudi ili ndege abaki na njaa aendelee kuwaongoza? Nilisoma utafiti wa Wood wa 2014. Wanamnyima kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi, na bado ndege anawasaidia: kasi yao ya kupata mizinga inapanda kwa asilimia 560 wakiwa naye. Kama angekuwa na kisasi, Eyasi yote ingekuwa imeisha kwa nyoka.

#17 DadaKaliua
Hapo umeniweza kidogo. Lakini anayezoeshwa njaa tangu mwanzo hana dai. Sisi huku tumemzoesha kulipwa. Kibarua uliyemlipa miaka kumi ukamnyima siku moja, huyo ndiye anayekuchomea banda. Ambaye hajawahi kulipwa anashukuru akipata maji.

#18 KiparaNzega
DadaKaliua kwa hoja hiyo nakupa kura yangu, sijali sayansi inasemaje.

#19 BintiUjiji
Habari zenu majirani. Mwisho wa reli tunasikiliza.

Nataka niwatoe kwenye ndege kidogo. Nimekulia Ujiji, na kaka yangu amekuwa akitembeza wageni Gombe kwa miaka. Hiyo ya kila ndege na lugha ya kwao tunayo Kigoma kwa sokwe. Wana mlio mrefu wa kuitana kwa mbali: unaanza chini hu, hu, hu, unapanda kwa pumzi za haraka, unalipuka kuwa mayowe, halafu unashuka. Kaka anawatambua kwa majina kabla hajawaona. Na si yeye tu, Peter Marler aliwarekodi Gombe miaka ya sitini, na ikaonekana kila mmoja ana sauti yake. Kisha mwaka 1992 John Mitani na wenzake wakalinganisha madume wa Gombe na wa Mahale, mkoa huohuo, ziwa hilohilo, wakakuta sehemu ya kupanda na ya mayowe zinatofautiana. Wakauliza kama ni lahaja.

Baadaye Mitani mwenyewe akarudi akasema huenda si kujifunza, huenda ni tofauti ya miili, au misitu inavyobeba sauti. Ubishi kama wenu tu.

#20 MzeeWaReli
Binti umenena. Jane Goodall ndiye alianza yote hayo, alifika Gombe 1957 na mama yake, akawakuta sokwe wanavua mchwa kwa vijiti.

#21 BintiUjiji
Shikamoo mzee. 1957 ndio alifika Kenya, akakutana na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Gombe alitua tarehe 14 Julai 1960, na kweli mama yake alikuwa naye miezi ya mwanzo, maana wakoloni walikataa binti akae peke yake. Vijiti vya mchwa aliviona mwaka huohuo.

#22 MzeeWaReli
Marahaba mwanangu. Uzee. Tulipata habari za msiba wake Oktoba ile ya 2025, akiwa na miaka 91. Nilimwona mara moja tu gatini Kigoma, anashuka kwenye boti kabeba begi lake mwenyewe.

#23 BintiUjiji
Nilichotaka kumwambia mleta uzi ni hiki. Kuhusu kinyongo sijui, lakini wanyama wana hisia, hilo Gombe limeshaonekana. Flo alikufa 1972, sokwe mzee mwenye masikio yaliyochanika. Mwanawe Flint alikuwa na miaka minane na nusu, mkubwa wa kujitegemea, ila hakuwahi kuachana na mama. Akaacha kula, akajitenga, macho yakaingia ndani. Hakumaliza mwezi. Na 1974 hadi 1978 jamii moja iliyogawanyika, Kasakela na Kahama, wale wa kaskazini wakawawinda wenzao wa kusini mmoja mmoja mpaka wakawamaliza madume wote. Watu waliokuwa wakichuana chawa pamoja.

#24 ToboaUkweli
Binti nakuheshimu, ila majonzi ni kitu kimoja na kisasi ni kitu kingine. Kisasi kinataka hesabu: fulani kanifanyia hili, kesho nitamfanyia lile, na anahitaji kujua kuwa nyoka ni hatari *kwa huyu mtu* na kwamba huyu mtu hajui nyoka yupo. Hiyo ni akili ya juu.

#25 BintiUjiji
Hata hilo la kujua mwenzako hajui limepimwa, kwa sokwe lakini. Catherine Crockford na wenzake, msitu wa Budongo Uganda, 2012. Waliweka nyoka bandia njiani. Sokwe aliyemwona alitoa mlio wa tahadhari zaidi akiwa na wenzake ambao hawajaona nyoka wala kusikia onyo. Wakishajua, anapunguza. Kwa ndege wako hakuna aliyeonyesha hivyo, nakubali.

#26 ToboaUkweli
Na huyo sokwe anaonya, hapeleki. Asante.

#27 AfisaMisituMstaafu
Nimesoma yote. Nilifanya kazi ya misitu wilaya tatu za mkoa huu, nitasema yangu mawili.

Moja. Mleta uzi, kurina kwa kienge, huo mwenge wa kufukuzia nyuki, kwenye mti mkavu uliooza tumboni ndiko kunakotuletea moto kila kiangazi. Hukusema ulikuwa na kienge, ila nawajua.

Mbili. Mnabishania kisasi, mimi naona mtaalamu aliyepungukiwa kazi. Miaka ile ukitoka Urambo mpaka Ugalla, miyombo na mininga imeshikana. Tumbaku imekula. Si mashamba tu, ni kuni za mabani ya kukaushia. Mti wenye tundu la kukaa nyuki una umri mkubwa, na ndio huohuo unaanza kukatwa kwa sababu ni mkubwa. Ndege anabaki na kumbukumbu ya mzinga uliokuwepo msimu uliopita. Anakupeleka, mnafika, nyuki wameshahama, tundu kalichukua mwingine. Kifutu, kenge, chochote. Yeye hakukudanganya. Alikupeleka kwenye anwani ya zamani.

#28 MrinaWaSikonge
Mzee shikamoo. Kienge nilikuwa nacho, nilikizima kwa mchanga, kweli tupu.

Hiyo ya anwani ya zamani imenigusa. Nilirudi pale nikiwa na kijana wangu, na fimbo ndefu. Kifutu hakuwepo. Ndani ya tundu nikamulika tochi: kulikuwa na sega kuukuu, jeusi, limeliwa na nondo wa nta, limebaki kama utando wa buibui. Kwa hiyo nyuki waliwahi kukaa.

#29 MwalimuWaViumbe
Huo ni ushahidi mzuri kuliko wote humu. Sega kuukuu bado ni nta. Huenda kwake hakukuwa na kosa lolote, alikupeleka penye anachokihitaji.

#30 DadaKaliua
Na kifutu alikuwa mlinzi wa zamu? Hamtaki tu kukubali.

#31 MyaoWaTunduru
Naongeza lingine. Ndege wengi wakiona nyoka wanamzonga kwa kelele. Je kama kelele alizosikia mwishoni zilikuwa za kumzonga kifutu, si za asali? Mkuu, alinyamaza au alibadili mlio?

#32 MrinaWaSikonge
Alinyamaza. Nina uhakika. Nadhani.

#33 KiparaNzega
"Nina uhakika. Nadhani." Mahakama iahirishwe.

Hivi na ile ya nyegere ni kweli? Kwamba ndege anampeleka nyegere kwenye asali, nyegere anapasua, wanagawana?

#34 MwalimuWaViumbe
Hiyo imeandikwa kwenye vitabu vingi kuliko ilivyoonwa. Watafiti waliwahoji karibu warina 400 nchi mbalimbali za Afrika, majibu yakachapishwa 2023, na walio wengi walisema hawajaona. Lakini Wahadzabe wengi walisema wameona. Sasa chagua: Wahadzabe wanatembea usiku na porini kuliko sisi, au ni hadithi iliyokolea kwao.

#35 AfisaMisituMstaafu
Nyegere nimemwona akivunja mzinga wa gome kama mtu anabomoa sanduku. Ndege sikumwona. Ila nilikuwa juu ya mti mwingine, sikuwa na nafasi ya kutazama ndege.

#36 MzeeWaReli
😂😂 Afisa mzima juu ya mti.

Na asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, bado inapatikana Tabora? Nina kikohozi. Tubadilishane na migebuka.

#37 DadaKaliua
Inapatikana mzee, njoo sokoni na chupa yako. Migebuka iwe mikavu.

#38 MrinaWaSikonge
Wakuu mrejesho, nilikuwa kimya siku kumi na moja.

Nimefanya kama babu. Nilichukua sega zima lenye majana kutoka kwenye mzinga wangu mwenyewe, nikaliweka juu ya jani la mninga kwenye njia ileile. Deni limelipwa, na riba. Siafu walikula nusu kabla sijageuka. Kesho yake kumebaki jani tu, aliyemaliza simjui.

Juzi asubuhi nikagonga shina, ko ko ko. Akaja. Nikamtazama kifua kwanza: hakuna njano, jike au nani sijui, amefifia. Akaniongoza vizuri, taratibu, ananisubiri kila mti kama anamvusha mgonjwa mto. Nusu saa. Akanyamaza juu ya mtundu wenye mzinga.

Mzinga wa gome. Umefungwa kwa kamba mpya. Umechorwa alama ya jirani yangu.

Nimesimama pale na ndoo na kienge mkononi, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Ndiye mwenyewe. Akanitazama, akatazama ndoo, akasema: "Usiniambie. Na wewe umeletwa na ndege."

#39 ToboaUkweli
Sasa hicho ndicho kisasi. Nimebadili msimamo.

#40 AfisaMisituMstaafu
Kienge tena?